Makazi Mtwara na Lindi: nani anawajibika na umfuate wapi (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali yamepewa namba ili moja likupeleke kwa jingine. Kama una dharura ya usiku wa leo, anza na swali la 11.

## Mambo ya msingi

1. Kwani huku Kusini kuna watu wasio na makazi? Mbona hatuwaoni?

Wapo. Hatuwaoni kwa sababu wengi wao wana paa la kuazima. Yuko mama aliyeachika, amerudi na watoto wanne, analala sebuleni kwa kaka yake na anakunja mkeka alfajiri kabla wenye nyumba hawajaamka. Yuko mzee ambaye makuti yake yameoza, mvua ikianza anahamia jikoni kwa jirani. Yuko mpakia mizigo anayelala juu ya magunia ghalani wakati wa msimu wa korosho, na maghala yakishakuwa matupu anahamia kwenye baraza la duka. Wapo waliobomolewa na bado wanangoja fidia. Na wapo watoto wa stendi, ambao hao kila mtu anawaona na anawapita.

Kipimo chepesi ni hiki: je, mtu huyu ana pa kulala pasipovuja, ambapo hakuna anayeweza kumtoa kesho bila kufuata sheria? Kama hana, hana makazi, hata kama usiku wa leo amelala ndani.

Sensa ya 2022 iliwahesabu pia waliolala nje usiku wa kuamkia 23 Agosti. Lakini yule mama wa sebuleni, kwenye dodoso, alihesabiwa kuwa mmoja wa kaya ya kaka yake. Ndiyo maana kijiji au mtaa unahitaji orodha yake wenyewe (tazama swali la 15).

2. Hili si suala la familia? Siasa inaingiaje?

Ukoo unasaidia, na huku unasaidia kweli. Kwa mila za Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, zinazofuata upande wa mama, mwanamke aliyeachika alikuwa na pa kurudi: kwa mama zake na wajomba zake. Lakini ukoo haupimi viwanja, haupangi bajeti ya halmashauri, wala hauamui fidia ilipwe mwaka gani. Hayo huamuliwa na wenye vyeo, kwenye vikao vyenye muhtasari na sahihi. Uthamini ukikaa mezani miaka mitatu na watu wakalala nje, kuna aliyeuweka pale mezani.

Tukumbuke pia kwamba serikali imewahi kuhamisha watu kwa amri. Wakati wa Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, familia nyingi ziliacha mashamba ya babu zao zikapangwa kwenye vijiji vipya, na migogoro mingi ya mipaka inayosikika leo mizizi yake iko huko. Serikali iliyowahi kukuonyesha pa kujenga haiwezi leo kusema makazi yako hayaihusu.

3. Katiba inanipa haki ya nyumba?

Katiba ya 1977 haina ibara inayosema kila raia apewe nyumba. Kuna ibara mbili za kushika, na kila moja ina pa kuitumia.

Ibara ya 24 inalinda mali yako: hunyang'anywi bila idhini ya sheria inayoweka fidia inayostahili. Hii unaipeleka mahakamani. Ibara ya 11 inaitaka serikali iwasaidie watu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, lakini ibara ya 7(2) inasema mahakama haina uwezo wa kuisimamia. Basi ibara ya 11 ni ya kumbana nayo diwani na mbunge mbele ya watu.

Nje ya Katiba, Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na mkataba wa kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni, ambao ibara yake ya 11 inataja makazi ya kutosha. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo iliamua mwaka 2001, katika shauri la Waogoni wa Nigeria, kwamba haki ya makazi imo ndani ya Mkataba wa Afrika hata kama haikuandikwa kwa jina.

4. Basi nani hasa anawajibika?

Kijijini, halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa ardhi ya kijiji, na mkutano mkuu unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Mwanakijiji asiye na kiwanja anaomba kwa maandishi kwa mtendaji, na ombi lake liingie kwenye muhtasari. Kwenye kata, diwani anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata na ana kura kwenye baraza la madiwani, ambako bajeti hupita. Chini ya mkurugenzi wa halmashauri wapo watu watatu unaowahitaji zaidi: afisa ardhi, afisa ustawi wa jamii na mhandisi. Mkuu wa wilaya anahusika na maafa na usalama. Juu yao kuna wizara ya ardhi na nyumba, wizara ya maendeleo ya jamii na makundi maalum, na TAMISEMI inayosimamia halmashauri zote.

Kinachoharibika ni kutupiana mpira. Kijiji kinasema nenda wilayani, wilaya inasema suala ni la wizara, wizara inakurudisha halmashauri. Dawa yake ni karatasi. Andika barua nakala mbili, zipeleke masjala, moja ibaki kwao, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukiambiwa "acha tu hapo, tutaiona", usiondoke bila muhuri. Siku utakapofika kwa ngazi ya juu, muhuri ule ndio utakaoonyesha nani alikaa kimya na kwa siku ngapi. Na chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ukiomba taarifa kwa maandishi ofisi ina siku 30 za kukujibu.

## Kuhamishwa na fidia

5. Nyumba yangu imepigwa alama ya X. Maana yake nini?

Kwenye barabara kuu na za mkoa, angalia rangi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. X nyekundu ni kwa aliye ndani ya zile 22.5 za zamani, anayehesabiwa kuwa amevamia. X ya kijani ni kwa aliye kati ya 22.5 na 30: barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili fidia kabla ya kuondolewa.

Usikubali rangi kwa macho. Chukua futi kamba ya mita 50 na mashahidi wawili, pima kutoka katikati ya barabara hadi kwenye ukuta, piga picha, andika tarehe. Kuwa mwangalifu pale barabara iliponyooshwa au kuhamishwa: katikati ya leo huenda si katikati ya zamani. Wanaoishi kandokando ya njia ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi walizingatie hili. Kama nyumba yako ilikuwepo kabla barabara haijapita, tafuta ushahidi wa miaka hiyo: stakabadhi za kodi ya majengo, makaburi ya familia, mikorosho mikubwa, wazee wa kijiji.

6. Mradi unachukua eneo letu. Fidia inahesabiwaje?

Kusini tumeona bomba la gesi, mitambo ya Madimba, upanuzi wa bandari na uwanja wa ndege, na eneo la Likong'o lililotengwa kwa gesi asilia. Kanuni ni zilezile kwa wote: Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka, na kanuni za mwaka 2001 zinataja mafungu yake:

- thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyomo, yaani nyumba, choo, kisima, mikorosho, minazi, miembe;
- fidia ya usumbufu, inayotokana na riba ya wastani ya amana za benki;
- posho ya makazi: kodi ya nyumba kwa mwezi mara miezi 36;
- posho ya usafiri: gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20;
- faida iliyopotea kwa mwenye biashara: faida halisi ya mwezi mara 36.

Wengi wanaijua ya kwanza tu. Posho ya makazi ndiyo inayomzuia mtu kulala nje wakati anajenga upya, na ndiyo inayosahaulika mtu asipoiuliza. Ila shamba tupu lisilokaliwa halina posho ya makazi wala ya usafiri.

Siku ya uthamini usiwe safarini. Utasimamishwa mbele ya nyumba ukiwa umeshika kibao chenye namba, upigwe picha, kisha mali zitaandikwa kwenye fomu. Hesabu mikorosho mwenyewe siku moja kabla, ukitenganisha inayozaa na michanga, maana bei zake hazilingani. Hakikisha jina kwenye fomu ni lilelile la NIDA na la akaunti ya benki: herufi moja ikipishana, malipo yanasimama. Usisaini fomu yenye nafasi tupu. Omba nakala, na ukinyimwa, ipige picha kwa simu hapo hapo.

Makosa mawili yanaumiza familia kuliko mengine. La kwanza, nyumba ya mke na mume kuandikwa jina la mume peke yake. La pili, kuyasahau makaburi, ambayo yana sheria yake ya kuhamishwa ya mwaka 1969 na gharama zake hulipwa kando.

7. Uthamini ulifanyika zamani, fidia haijalipwa. Tufanyeje?

Sheria ya Uthamini ya 2016 inatoa miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe. Ikipita, riba inaanza kuhesabiwa juu ya fidia. Ikifika miaka miwili bila malipo, uthamini ule umekufa na ni lazima ufanyike upya kwa bei za sasa.

Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza kwa barua ni moja tu: taarifa iliidhinishwa tarehe ngapi? Tarehe hiyo ndiyo inayofungua kila kitu. Wakati mnangoja, msikubali zuio la mdomo la kutokarabati nyumba. Watu wameacha mapaa yakaoza kwa sababu mtu fulani alisema "msiguse chochote". Dai zuio kwa maandishi, lenye jina na cheo.

8. Mimi ni mpangaji. Nyumba niliyopanga inatwaliwa. Napata nini?

Fidia ya jengo na posho ya makazi huenda kwa mwenye nyumba. Kama una biashara humo, faida iliyopotea ni yako; peleka daftari la mauzo, leseni na mashine ya risiti. Kodi uliyolipa mbele ambayo hukuitumia, mdai mwenye nyumba kwa maandishi kabla hajalipwa yeye.

## Kodi, ndoa na rehani

9. Mwenye nyumba ananitoa bila notisi. Kuna sheria?

Sheria iliyodhibiti kodi, ya mwaka 1984, ilifutwa 2005, hivyo hakuna chombo kinachopanga kiwango cha kodi. Hapo ndipo penye deni la kisiasa: mpangaji anadaiwa miezi mitatu, sita au kumi na miwili kwa mkupuo, na anayeshindwa ule mkupuo anakosa chumba hata kama kodi ya mwezi anaimudu. Bunge likitaka linaweza kuweka kikomo cha malipo ya mbele. Mwombe mbunge wako alisemee.

Hata hivyo mpangaji wa mwezi kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua mwezi mmoja. Kung'oa mlango, kuezua bati au kutupa vyombo nje bila amri ya baraza au mahakama si halali. Piga picha, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, kisha baraza la kata. Tangu marekebisho ya 2021 kata inasuluhisha tu, haihukumu. Usuluhishi ukishindikana, au siku 30 zikipita, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na sheria ya mwaka 2017 na hukusaidia bila malipo. Muulize afisa maendeleo ya jamii alipo aliye karibu.

10. Nimeachwa, au mume amefariki, na ndugu zake wananitoa. Na je, mikorosho iliyowekwa rehani?

Kwa aliyeachwa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na kifungu cha 114 kinaruhusu mali iliyochumwa pamoja kugawanywa. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Anza baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha mahakama. Usihame nyumba kwa hasira kabla hujaandikisha malalamiko.

Kwa aliyefiwa: mirathi ifunguliwe Mahakama ya Mwanzo, na mjane ahudhurie kikao cha ukoo kinachopendekeza msimamizi. Msimamizi hamiliki mali, anaigawa. Akianza kuuza, pinga mahakama ileile iliyomteua.

Rehani ya mikorosho inastahili kusemwa wazi. Mwezi wa Juni au Julai, ada za shule na njaa zikibana, mtu anachukua laki kadhaa na kumwachia mkopeshaji mikorosho kwa misimu miwili au mitatu. Mwingine anauza kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayenunua nje ya mnada, kabla hata ua halijatoka. Msimu ukifika, malipo ya mnada hayaingii kwake, paa haliezekwi, mwaka unaofuata anakopa tena, na mwisho inakwenda nyumba. Karatasi ya rehani ikiandikwa "nimemuuzia" badala ya "nimemwachia avune hadi msimu fulani", umeuza shamba. Mwenza asaini, mashahidi wasaini, idadi ya miti na msimu wa mwisho viandikwe kwa tarakimu na kwa maneno.

## Walio nje usiku wa leo

11. Nimemkuta mtoto analala stendi. Nifanye nini?

Piga 116, Simu kwa Mtoto, ni bure. Kisha afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au dawati la jinsia na watoto polisi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kumlinda mtoto aliye katika eneo lake, hata kama ametoka mkoa mwingine. Usikubali jibu la "huyo si wa hapa".

Kinachotakiwa kufuata ni ulinzi wa muda kwa mlezi wa kuaminika, kutafuta familia, kisha kumrudisha kwa ufuatiliaji. Kumpandisha basi na nauli mkononi hakufai: kilichomkimbiza nyumbani kiko palepale, na baada ya wiki chache utamkuta stendi ileile.

12. Na mgonjwa wa akili anayezurura?

Ni mgonjwa, aanzie hospitali. Mtwara kuna Ligula, Lindi kuna Sokoine. Afisa ustawi wa jamii aambatane naye, kwa sababu bila mtu wa kumpokea akitoka wodini atarudi barabarani na dawa zitakatika.

13. Polisi wanaweza kumkamata mtu kwa sababu analala nje?

Vifungu vya 176 na 177 vya Kanuni ya Adhabu, kuhusu uzururaji na ombaomba, vimekuwa vikitumika hivyo, na Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ilitoka kwenye fikra ileile. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii zinakiuka Mkataba wa Afrika na mataifa yazirekebishe au yazifute. Ukamataji hauongezi hata chumba kimoja. Aliyekamatwa aelezwe kosa lake na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

14. Mvua au kimbunga kimeezua nyumba. Tunadai nini, na tunajenga vipi?

Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafuatana na mafuriko Kilwa yaliyokata barabara ya Dar es Salaam. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inataka kamati hadi ngazi ya kijiji. Ndani ya siku mbili tatu za mwanzo, mtendaji aandike orodha ya kaya: jina, idadi ya watu, kilichoharibika, picha. Kaya isiyo kwenye orodha ya kwanza hupata shida sana kuingizwa baadaye.

Dai vifaa kwa idadi, maana ombi la "msaada wa ujenzi" halina pa kushikwa. Nyumba ya vyumba viwili, mita 5 kwa 6, paa la migongo miwili lenye mwinamo mdogo, inataka mabati 20 ya mita 3, kumi kila upande, bati moja likifunika sentimita 70 hivi, pamoja na kofia nne za mita 2. Upepo huanzia ukingoni: weka papi (mbao za kugongea bati) karibukaribu na misumari kila wimbi kwenye safu ya chini na pembeni. Kenchi zifungwe ukutani kwa waya uliozamishwa kozi tatu chini, kwa sababu msumari peke yake hung'oka. Na usirudi kujenga ndani ya mita 60 kutoka ufukwe au ukingo wa mto. Sheria ya Mazingira ya 2004 inapakataza, na dai lolote la baadaye litakwama hapo. Kijiji ndicho kikupe kiwanja kingine (swali la 4).

## Kuwabana wenye dhamana

15. Halmashauri inasema haina fedha. Tujibu nini?

Tujibu kwa kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi ya mwisho wa mwaka, madiwani hupitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, Bunge hukaa Aprili hadi Juni. Ukilalamika Mei umechelewa mwaka mzima.

Mapato ya ndani ya halmashauri zetu yanategemea sana ushuru wa mazao, 3% kwa korosho, na huingia kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa. Hapo ndipo pa kudai kifungu cha makazi ya dharura, kiandikwe kwa jina lake na kiasi chake. Mtwara na Kilwa zina pia ushuru wa huduma kutoka kampuni za gesi. Orodha ya kaya zisizo na makazi, iliyopitishwa na mkutano mkuu na kugongwa muhuri, ndiyo inayompa diwani kitu cha kusimama nacho barazani. Ile 10% ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu haijengi nyumba, lakini inaweza kumpa mtu pa kuanzia kulipa kodi.

16. Tunaweza kuishtaki serikali?

Ndiyo, ila toa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na tangu 2020 ni lazima aunganishwe kwenye kesi hata kama mnaishtaki halmashauri tu. Kesi nyingi nzuri hufutwa kwa kosa hili moja. Kupinga uamuzi wa kiutawala kunahitaji kibali cha Mahakama Kuu kiombwe ndani ya miezi sita. Kwa ukosefu wa haki usiohitaji kesi, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila ada.

17. Sina kitambulisho wala anwani. Nitaanzia wapi?

Bila NIDA hupati laini ya simu kwa jina lako, akaunti ya benki wala fidia, na bila mahali unapojulikana NIDA inasuasua. Mduara huu unavunjwa na mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Nenda na majirani watatu wanaojua unapolala, hata kama ni barazani, wakuthibitishe. Omba barua ya utambulisho inayotaja mtaa huo. Ipeleke kwa afisa ustawi wa jamii aiambatanishe na ya kwake. Kama huna cheti cha kuzaliwa, tafuta kwanza kadi ya kliniki, cheti cha shule au cha ubatizo, au kiapo cha mzazi au ndugu mkubwa, kisha omba RITA kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwenyekiti akikataa kuandika kwa sababu "huna nyumba hapa", mwombe aandike hilo kwenye karatasi, aweke sahihi, na uipeleke kwa mtendaji wa kata.